Kituo kimoja cha ushauri nasaha, washauri wanne, njia nne: nani kati yao anaijua kazi?

#1 Mzizima_Mpya

Wakuu, salaam.

Naomba tujadiliane jambo lililonishinda. Baada ya baba yetu kufariki, mimi na dada yangu tulikwenda katika kituo kimoja cha ushauri nasaha hapa Dar es Salaam, chenye washauri kadhaa wanaotumia jengo moja na sehemu moja ya mapokezi. Tulipangiwa washauri tofauti, kwa maelezo kwamba si vizuri ndugu wawili wenye msiba mmoja kuhudumiwa na mtu mmoja, na hilo nililikubali. Nisilolielewa ni kwamba mshauri wangu alinipa karatasi yenye safu, akaniagiza niandike kila jioni wazo lililonijia, hisia iliyofuata, na ushahidi wa kuliunga mkono au kulipinga wazo hilo, ilhali mshauri wa dada yangu hakumpa kazi yoyote wala ushauri wowote, bali alikaa akimsikiliza na kumrudishia maneno yake mwenyewe. Mshauri wa tatu, nilivyoelezwa pale mapokezi, huita familia nzima. Wa nne hutibu watu kwa kuwasogezesha macho kushoto na kulia.

Dai langu ni hili: kama hii ni taaluma, ugonjwa mmoja uwe na tiba moja. Na mshauri anayenyamaza huku mteja amelipia saa nzima, kwa maoni yangu, hajui la kusema.

#2 BintiTanga

Pole sana kwa msiba, mkuu. Swali moja tu: je, dada yako analalamika, au ni wewe unayelalamika kwa niaba yake?

#3 Mnasihi_Mstaafu

Poleni na msiba.

Nimefanya kazi hii miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nianze na asili. Washauri wengi wa rika langu hapa Tanzania tuliingia kwa mlango wa UKIMWI. Tulifundishwa kumwandaa mtu kabla ya kupima na kumpokea baada ya majibu, na vituo vya Angaza, vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari wa VVU, vilipoenea mwanzoni mwa miaka ya 2000 wengi wetu ndiko tulikopata ajira. Mafunzo yale yalisisitiza kwamba mshauri hamwamulii mteja. Mzizi wake ni Carl Rogers, Mmarekani aliyeandika mwaka 1957 kwamba mteja hubadilika anapokutana na mshauri mkweli, anayemkubali bila masharti na anayejitahidi kuuona ulimwengu kwa macho yake. Mtu aliyelelewa katika msingi huo akinyamaza, ananyamaza kwa makusudi, na ukimya wake una kazi.

Waliosoma saikolojia chuo kikuu miaka ya karibuni wamekuta mitaala imeelemea kwenye tiba ya utambuzi na tabia, inayomfundisha mtu kuyapima mawazo na matendo yake, yenye karatasi kama ulizopewa. Mnapomkuta mzee mmoja na vijana wawili katika kituo kimoja, mnakuta vizazi vya mafunzo vilivyokaa vyumba jirani.

#4 Hesabu_Kamili

Maelezo ya Mzee Mnasihi ni mazuri, ila yanasahau fedha. Mimi nimewahi kukagua vitabu vya vituo vya aina hii. Vingi haviajiri washauri. Mwenye kituo hukodi nyumba, huweka mtu wa mapokezi, jenereta na viti vizuri, kisha kila mshauri hulipia chumba au huacha asilimia ya ada. Mwenye kituo hana mamlaka ya kumwambia mpangaji wake atumie njia gani, kama ambavyo mwenye jengo hamwelekezi wakili aliyepanga ghorofa ya pili namna ya kuendesha kesi. Zaidi ya hapo, kuwa na njia nne ni faida kibiashara, maana mteja asiyeridhika chumba namba moja anahamia chumba namba tatu, na fedha inabaki ndani ya nyumba.

#5 BintiTanga

Hesabu_Kamili, wewe hata kwenye uzi wa pilau ulizungumzia kodi ya pango.

#6 Hesabu_Kamili

Na nilikuwa sahihi.

#7 Pwani_Huru

Nawasalimu kutoka Mombasa.

Mimi naona kasoro iko kwingine kabisa. Mtu wetu anapokwenda kwa sheikh, kwa mchungaji, kwa kungwi au kwa mjomba, huenda kutafuta neno. Husikilizwa, naam, lakini mwisho huambiwa fanya hivi na uache vile. Leo anaingia katika chumba chenye kiyoyozi, anaeleza shida yake ya ndoa, kisha anaulizwa, "Na wewe unajisikiaje kuhusu hilo?" Anatoka akidhani amedharauliwa. Kwa hiyo kituo chenye busara huweka washauri wa aina mbalimbali kwa sababu wateja wenyewe ni wa aina mbalimbali: kuna aliyesoma na anayetaka mazoezi, kuna mama mtu mzima anayetaka kuelekezwa, na kuna kijana aliyechoka kuelekezwa.

Na nirudi kwa Mzizima_Mpya. Karatasi ile ya safu, ambayo wewe unaiona ndiyo kazi ya kweli, mbona na yenyewe ilitoka kwa Freud, yule mwasisi wa tiba ya kuchimbua nafsi, na haina uhusiano wowote na msiba?

#8 Daktari_Mdogo

Nisahihishe mambo mawili kabla hayajasafiri.

Kwanza, karatasi ya mawazo haikutoka kwa Freud. Aliyeijenga njia ile ni Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Philadelphia, katika miaka ya 1960, na Albert Ellis alikuwa ameanza njia inayokaribiana nayo tangu mwaka 1955. Wote wawili walipitia mafunzo ya kina Freud kisha wakajitenga, kwa hiyo Pwani_Huru hajakosea sana kuhusu ukoo. Amekosea kuhusu mtoto.

Pili, msiba si ugonjwa. Mtu aliyefiwa hulia, hukosa usingizi, hukosa hamu ya kula, na wengi hupata nafuu kwa muda wakiwa na watu wao, bila tiba yoyote. Kinachowapeleka baadhi kwa mshauri ni pale ambapo huzuni imegeuka sonona, au pale kifo kilipotokea kwa namna ya kutisha na picha yake inarudi usiku. Hali hizo mbili hazifanani, na ndiyo sababu ndugu wawili wenye msiba mmoja wanaweza kuhitaji vitu tofauti. Mwingine anasumbuliwa na wazo kwamba angemwahisha baba hospitali angepona. Huyo karatasi inamfaa, kwa sababu lipo wazo la kupimwa. Mwingine hana wazo lolote la kupinga, ana kilio tu.

Ama kuhusu kusogeza macho, msicheke. Tiba hiyo aliiasisi Francine Shapiro huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya watu wenye kiwewe, na Shirika la Afya Duniani liliitaja mwaka 2013 miongoni mwa tiba zinazopendekezwa kwa hali hiyo. Wataalamu bado wanabishana iwapo macho yenyewe yana kazi, au nafuu inaletwa na kulikumbuka tukio mahali penye usalama.

#9 Mzizima_Mpya

Shukrani, daktari. Lakini hapo umeniongezea mzigo. Kama uchaguzi unategemea shida, mbona sisi tulipangiwa kwa kuangalia daftari la nafasi? Aliyekuwa na saa kumi jioni alinipata mimi, aliyekuwa na Jumamosi akampata dada. Hakuna aliyetuuliza kama tuna mawazo au kilio.

#10 Nyota_ya_Kigoma

Hapo ndipo penye tatizo halisi, na nashangaa wengine wamelipita.

Nimefanya kazi ya ukalimani katika huduma za wakimbizi huku Kigoma. Nilichojifunza ni kwamba kikao cha kwanza cha kumpima mtu kina uzito kuliko vyote vinavyofuata. Kuna njia inayoitwa tiba ya kusimulia, ambayo mteja husaidiwa kuyapanga maisha yake yote kwa mfuatano, ya heri na ya shari, ili tukio baya lipate mahali pake katika historia badala ya kuzuka ovyo. Ilijaribiwa nchini Uganda kwa wakimbizi kutoka Sudan, na baadaye katika makazi ya Nakivale kwa Wanyarwanda na Wasomali, wakihudumiwa na watu wa kawaida waliofunzwa. Njia hiyo ni nzuri kwa aliyepitia vita. Mpe mtu ambaye shida yake ni deni na mwenye nyumba anayemfukuza, utampotezea muda.

Kituo kinachompangia mteja mshauri kwa daftari la nafasi kinaweza kuwa na njia nne nzuri na bado kikamkosesha mtu ile anayoihitaji.

#11 Mwanakweli

Nami nitoe ushahidi wangu, ingawa hautampendeza Daktari_Mdogo.

Nilipata wasiwasi mkubwa, moyo ukawa unaenda mbio hata nikiwa nimekaa. Mshauri wa kwanza, katika kituo ambacho sitakitaja, alifuata kitabu hatua kwa hatua: kupumua, kuandika, kujipa mtihani mdogo wa kupanda daladala hadi kituo kinachofuata. Yote yalikuwa sahihi, nami nilikuwa namwogopa. Alikuwa akiangalia saa. Nikahamia kwa mama mmoja katika kituo hicho hicho, ambaye hadi leo sijui anafuata njia gani. Aliniuliza habari za shule yangu ya bweni, akacheka nilipostahili kuchekwa, na ilipofika wakati wa kupanda daladala alinipa zoezi lile lile la mwenzake, nikalifanya. Zoezi ni moja, aliyelitoa ndiye aliyebadilika.

#12 Daktari_Mdogo

Dada Mwanakweli, ushahidi wako unanipendeza kuliko unavyodhani, kwa sababu hoja hiyo ni ya zamani. Saul Rosenzweig alidokeza mwaka 1936 kwamba tiba zinazotofautiana huleta matokeo yanayokaribiana, na akashuku kwamba kinachotenda kazi ni mambo yaliyomo katika zote. Mwaka 1979 Edward Bordin aliyaeleza makubaliano ya mshauri na mteja kwa sehemu tatu: wanakubaliana wanaelekea wapi, wanakubaliana wafanye nini ili wafike, na kuna kuaminiana kati yao. Mshauri wako wa kwanza alikuwa na mbili za mwanzo.

Hata hivyo nisingependa tuseme kwamba njia hazina maana. Kwa hofu mahsusi, kwa kiwewe na kwa mawazo ya kujirudia yanayomlazimisha mtu kunawa mikono mpaka ngozi ichubuke, zipo njia zinazojulikana kusaidia, na upole peke yake hautoshi.

#13 Pwani_Huru

Basi mnathibitisha hoja yangu bila kutaka. Kule Zambia wamewaweka bibi wazee kwenye benchi nje ya zahanati, wanazungumza na watu, na watu wanapona. Wala hakuna chumba, wala cheti ukutani.

#14 Nyota_ya_Kigoma

Ni Zimbabwe, kaka. Ilianzia Mbare, Harare, mwaka 2006, chini ya daktari Dixon Chibanda. Wala bibi wale hawasemi tu lililowajia kichwani. Wamefundishwa tiba ya kutatua matatizo, ya vikao sita: mtu anayataja matatizo yake yote, anachagua moja, anapanga hatua ndogo, anarudi kueleza ilivyokwenda. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalihusisha zahanati 24 na watu 573, na waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ni njia iliyovaa khanga, lakini ni njia.

#15 Pwani_Huru

Zimbabwe, sawa. Hoja yangu ya bibi inabaki palepale.

#16 Msimamizi_wa_Zamu

Nachangia kutoka Nairobi, kwa ufupi. Huku kwetu Kenya ipo Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili. Ukiingia kituoni unaweza kudai kuona usajili wa mshauri. Hata hivyo usajili unahusu elimu na maadili. Haukwambii kama atakupa karatasi au atakaa kimya. Kwa hiyo Mzizima_Mpya asidhani kwamba sheria ingemwokoa na tofauti alizoziona.

Pia huku Nairobi kulifanyika majaribio ya mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano, kwa wanawake walioishi na dhiki, wengi wao wakiwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia. Wahudumu walikuwa wahudumu wa afya ya jamii, si wanasaikolojia, na matokeo yalichapishwa mwaka 2017 yakiwa mazuri. Ukishaona hayo unajiuliza ada ya chumba chenye kiyoyozi inalipia nini hasa.

#17 Hesabu_Kamili

Inalipia kiyoyozi.

#18 Mnasihi_Mstaafu

Inalipia pia usimamizi, au ilipaswa kulipia. Mshauri makini humwendea mshauri mzoefu mara kwa mara na kumweleza kesi zinazomlemea, bila kutaja majina. Bibi wa Harare wanasimamiwa, wahudumu wa Nairobi walisimamiwa, lakini mshauri wa mjini mwenye shahada mbili anaweza kukaa chumbani mwake miaka mitano bila mtu yeyote kumuuliza anafanya nini mle ndani. Hapo ndipo kituo cha pamoja kingekuwa na faida kuliko mshauri anayefanya kazi peke yake, kwa kuwa wanne wenye njia nne wangekaa meza moja kila wiki na kukosoana. Katika vituo nilivyovifahamu, kikao hicho ndicho cha kwanza kufutwa kila wateja wanapoongezeka.

#19 BintiTanga

Mzee wangu, shikamoo. Hapo kwenye meza moja nimeshtuka. Ina maana niliyomwambia mshauri wangu yanajadiliwa na wenzake wanaopishana nami ukumbini?

#20 Mnasihi_Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Kisa kinaweza kujadiliwa, jina halitajwi, na wewe unapaswa kuelezwa hivyo katika kikao cha kwanza na kuridhia. Usipoelezwa, uliza. Siri nayo ina mipaka, hasa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini, na mipaka hiyo hutajwa kabla ya mazungumzo kuanza, si baadaye.

#21 Pwani_Huru

Mimi mjini kwetu siogopi washauri. Namwogopa mtu wa mapokezi, ambaye ni mtoto wa shangazi wa mke wangu.

#22 Mwanakweli

Kwa sababu hiyo hiyo naona watu wa kwetu hawawezi tiba ya kikundi. Nani atakaa kwenye duara na jirani zake aseme amechoka na ndoa?

#23 Daktari_Mdogo

Wanaweza, na mfano ni jirani zetu. Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, vijiji 30 vilihusishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu tiba ya mahusiano baina ya watu, njia ambayo Gerald Klerman na Myrna Weissman waliijenga Marekani kwa mtu mmoja na mshauri wake. Uganda wakaifanya ya kikundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao, kikao cha dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, kikiongozwa na mwenyeji wa jinsia yao aliyefunzwa. Walizungumza misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, katika eneo ambalo UKIMWI ulikuwa umezika watu wengi, na sonona ilipungua sana ikilinganishwa na vijiji ambavyo havikupata tiba hiyo.

Ila nisiwe mwongo kwa kuchagua mifano mizuri tu. Majaribio mengine, yaliyochapishwa mwaka 2020, yaliwahusu watoto 640 waliofiwa na wazazi katika eneo la Kilimanjaro na kule Bungoma, Kenya. Vikundi vilitumia tiba moja yenye vikao 12, na bado matokeo hayakulingana kati ya eneo na eneo. Njia moja, watoto wenye msiba unaofanana, matokeo tofauti. Mzizima_Mpya aliyedai tiba moja kwa ugonjwa mmoja aitafakari hiyo.

#24 Mzizima_Mpya

Nimeisoma. Naona mmenipa sababu tano, na kila moja inaifukuza nyingine: mafunzo, kodi ya chumba, matarajio ya mteja, aina ya shida, na tabia ya mshauri mwenyewe. Bado nasimama na dai langu dogo kwamba mtu aliyelipa ana haki ya kuambiwa mapema atafanyiwa nini na kwa nini. Dada yangu hajaambiwa.

#25 Nyumba_ya_Ndani

Mimi ndiye dada anayezungumzwa. Kaka alinionyesha uzi huu akidhani nitamuunga mkono.

Mshauri wangu aliniambia siku ya kwanza kwamba hatanipa maelekezo, akaeleza sababu, akaniuliza kama ninaridhia. Niliridhia. Tangu baba alipoanza kuugua, mimi ndiye niliyekuwa nikipokea maelekezo: ya daktari, ya mama, ya wajomba, ya kamati ya mazishi, na ya kaka. Saa ile ya Jumamosi ndiyo pekee ambayo hakuna anayenituma. Hizo kimya anazozitaja ni pale nilipokuwa nikilia, na sidhani ningependa mtu azungumze.

Kuhusu karatasi yake ya safu, wanachama wajue kwamba huijaza ndani ya gari, mbele ya kituo, kwa kalamu anayoniazima mimi.

#26 BintiTanga

Swali langu la #2 limejibiwa kikamilifu. Karibu sana, dada, na pole.

#27 Mzizima_Mpya

Nimejaza nyumbani mara kadhaa.

#28 Daktari_Mdogo

Karibu, dada, na pole. Kwa kaka yako: mwambie mshauri wako ukweli kuhusu gari. Katika njia ile, kazi isiyofanyika ni habari yenye manufaa; huenda jioni ndio wakati nyumba imejaa watu, au huenda wazo lenyewe hutaki kulitazama. Mshauri mzuri wa tiba hiyo hatakugombeza, atabadilisha kazi.

#29 Pwani_Huru

Dada ameeleza vizuri, lakini yeye alikuwa amechoshwa na maelekezo. Mjomba wangu hajawahi kuelekezwa na mtu tangu mwaka alioacha shule, na sasa anataka kuambiwa kama arudiane na mke wake. Kwenye vituo vyenu hivyo, aingie chumba gani?

#30 Hesabu_Kamili

Chenye nafasi Jumamosi.

#31 Mnasihi_Mstaafu

Ndugu Pwani_Huru, aende kwa anayepokea wawili, na aende na mke wake kama mke ataridhia. Asianze peke yake kwa mshauri atakayewapokea baadaye wote wawili, maana mke ataingia akiwa amechelewa, akute mshauri ameshaisikia hadithi ya upande mmoja kwa wiki kadhaa.

#32 Pwani_Huru

Mke hataridhia, mzee. Ndiyo maana anataka kuambiwa.